Usinywe, Wamuyu

"Usinywe," Nderitu alisema.

Walikuwa wamesimama nyuma ya banda la kukaushia pareto, mahali ambapo binti wa mzee wa kanisa hakutakiwa kuonekana na mwanamume, sembuse siku kama hiyo. Ukungu wa Mau Narok ulikuwa bado umetanda ingawa saa za mchana zilikuwa zimekwenda, na baridi ilimwingia Wamuyu mpaka kwenye vifundo vya vidole. Alikuwa ametoroka jikoni kwa kisingizio cha kuni. Alikuja mbio, akitumaini kushikwa mkono hata kidogo, au kuambiwa neno moja tamu la kumsaidia kusimama mbele ya wazee. Na neno lenyewe ndilo hilo!

"Nisinywe nini?"

"Unajua. Baba yako akikuita, akikuuliza kama wanywe uji wetu, kataa. Usiuguse."

Wamuyu akacheka. Hakuwa na furaha yoyote. Kilikuwa kile kicheko kinachomtoka mtu akikosa pa kuuweka uso.

Desturi hiyo kila mtu wa kwao aliijua. Watu wanaokuja kuposa huja na kinywaji chao. Zamani ilikuwa pombe ya muratina. Watu wa kanisa kama baba yake, Mzee Hiram, waliitupa pombe wakaweka uji mchachu mahali pake, lakini mambo mengine yakabaki yale yale. Msichana huitwa mbele ya watu, na baba yake humuuliza mara tatu kama uji ule unywewe. Akiuonja yeye wa kwanza, wazee wote hunywa, na kuanzia hapo yeye ni mke wa mtu hata kama harusi bado. Asipouonja, hakuna atakayetia mdomo. Wageni huinuka na kibuyu chao kikiwa kimejaa, na hawarudi tena nyumba hiyo.

"Nderitu, leo jioni unapanda treni Nakuru. Kesho uko Mombasa, halafu meli, halafu London. Umeleta mama yako na wazee kutoka Njoro, wamepanda mlima huu wote nyuma ya lori la viazi. Halafu unaniambia nikatae?"

"Sikuwaleta mimi. Mama ndiye aliyewaleta."

"Na wewe umekuja kufanya nini? Kuangalia ng'ombe?"

Nderitu akafumba macho. Alikuwa kijana mrefu, mwenye miwani, na suti ya kijivu aliyoshonewa Bombay alikosomea digrii yake ya sheria miaka minne. Wamuyu aliyapenda macho yale kuliko alivyopenda kukubali. Hata sasa, na hasira imemjaa mpaka kooni, alitamani aivue ile miwani aifute ukungu kwa kitambaa chake.

"Nisikilize," Nderitu akasema kwa sauti ya chini. "Ukiuonja uji ule leo, wiki ijayo mama anakuja kukuchukua. Utaacha kufundisha. Utakaa Njoro, umlimie viazi, umchotee maji, na mimi niko darasani ng'ambo. Masta ya sheria si kitu cha kumaliza haraka. Miaka miwili, mitatu, sijui. Nikimaliza wanaweza kuniambia nibaki nifundishe. Na wewe uko pale, mke bila mume. Si unamjua Njoki?"

Nani asiyemjua Njoki? Alikuwa mke wa Waithaka, kaka mkubwa wa Nderitu. Waithaka alikwenda Uganda kutafuta kazi kwenye mashamba ya miwa, akaandika barua mwaka wa kwanza, kisha akanyamaza kimya. Njoki akabaki kwa mama mkwe wake, analima, anachota maji, anaitwa mke wa Waithaka na watu ambao hata sura ya Waithaka walikuwa wameanza kuisahau. Uji wa leo ni yeye aliyeukoroga, na ni yeye aliyeubeba mgongoni kutoka barabarani.

"Sitaki uwe Njoki wa pili," Nderitu akasema.

"Kwa hiyo wewe umepanga kuwa Waithaka wa pili."

"Sijasema hivyo!"

"Umesema nini basi? Kuna mwanamke mwingine?"

"Hakuna."

"Huko Bombay?"

"Wamuyu, haki ya Mungu, hakuna."

Alimwamini, na hapo ndipo palipomuuma zaidi. Kama angekuwepo mwanamke, angalau angejua amchukie nani.

"Miaka yote hiyo ulipokuwa Bombay, mimi nilikuwa nafanya nini hapa? Nilikungoja bila uji, bila mbuzi, bila mtu kuniuliza. Mwalimu Kiprugut alikuja mpaka kwa baba, mtu wa heshima zake, nikamkataa. Tata Wangare alininunia mwezi mzima. Wasichana niliosoma nao wote wana watoto mgongoni. Leo ndiyo mara ya kwanza mtu ananiuliza mimi nataka nini, na wewe umeshaniletea jibu mfukoni. Umekuwa jaji wangu lini?"

"Ni kwa sababu nakupenda."

"Basi liseme hilo ndani. Simama mbele ya mama yako useme hutaki ninywe."

Nderitu akatazama viatu vyake. "Siwezi. Ukikataa wewe, mama atakasirika kidogo kisha atasahau. Nikikataa mimi, atasema London imenichukua kama Uganda ilivyomchukua Waithaka. Itamuua."

"Kwa hiyo aibu ni yangu mimi nibebe."

"Wamuyu..."

"Wamuyuuu!" Sauti ya Tata Wangare, shangazi yake, ilipasua ukungu kutoka jikoni. "Hizo kuni unaziokota ama unazipanda?"

Wamuyu akainama, akaokota vijiti viwili vitatu, akaondoka bila kugeuka nyuma. Ukweli ni kwamba alitamani kugeuka. Alitamani mpaka shingo ikamuuma.

Nyumba ya Mzee Hiram ilikuwa ya mbao, ile aliyopewa kwa kuwa nyapara wa shamba la ngano, na ukuta kati ya jiko na sebule haukuzuia neno. Wamuyu alisimama pale akijifanya anapanga vikombe. Kila kilichosemwa upande wa pili alikisikia.

"Mimi si mtu wa shule nyingi," baba yake alikuwa anasema. "Nisaidieni nielewe. Kijana huyu alikwenda Bombay kusoma sheria. Ikaisha?"

"Iliisha, Mzee Hiram," akajibu Mzee Jonah, aliyekuwa msemaji wa wageni. "Ana digrii. Tumeiona kwa macho yetu."

"Na London anaenda kusoma nini?"

"Sheria."

"Ile ile?"

Mtu mmoja akakohoa. Tata Wangare, dada yake Hiram, akamkanyaga Wamuyu mguu kwa raha.

"Ni ya juu zaidi, Mzee," ikaja sauti ya Nderitu. "Inaitwa masta. Mtu mwenye hiyo anaweza kuwafundisha mawakili wenyewe. Hapa kwetu hakuna mtu wetu hata mmoja anayefanya kazi hiyo. Ndiyo ndoto yangu."

"Vizuri. Na ukimaliza hiyo, kuna nyingine juu yake?"

Sema hakuna, Wamuyu alimwomba kimoyomoyo. Wewe naye, danganya mara moja tu.

"Ipo," Nderitu akasema. "Ya udaktari."

"Daktari wa sheria! Kwani sheria nayo huugua?"

Sebule ikaangua kicheko, lakini Hiram mwenyewe hakucheka. "Nauliza kwa sababu nina mtoto mmoja tu. Mama yake nilimzika huyu akiwa bado ananyonya, nikamlea na dada yangu hapa hapa kwenye baridi. Sitaki kumpa mtu ambaye kila akifika juu anaona kilima kingine."

"Mwanangu si wa kupotea," akasema Mama Wachuka, mama yake Nderitu. Alikuwa mjane mwenye sauti ya kuzoea kusikilizwa.

Tata Wangare hakuweza kujizuia. Alichungulia mlangoni na kusema, "Samahani, dada yangu. Na yule mwingine yuko wapi?"

Wamuyu alichungulia juu ya bega la shangazi yake. Wachuka alikuwa ameinua kidevu kwa ukali, wazee wanatazama sakafu, na karibu na kibuyu, kwenye kigoda kidogo, Njoki alikuwa anafuta ukingo wa kata ya kunywea uji kwa kitambaa cheupe. Alifuta na kufuta kama mtu asiyesikia lolote.

"Tusigombane siku ya baraka," Mzee Jonah akasema haraka. "Lori halitatungoja, na kijana ana treni. Mwite mtoto, tumalize."

Wamuyu aliingia na sweta yake ya bluu, macho chini kama alivyofunzwa. Hata hivyo aliona kila kitu. Alimwona Nderitu akiketi wima karibu na mama yake, mikono magotini, na aliona jinsi vidole vile vilivyolikunja kitambaa cha suruali.

"Wamuyu, mwanangu," Hiram akaanza. "Unawajua watu hawa?"

"Nawajua, Baba."

"Wameleta uji. Tunywe?"

Njoki akajaza kata, akampa kwa mikono miwili. Macho yao yalikutana kwa muda mfupi. Wamuyu akaipokea. Uji ulikuwa umeshapoa, na harufu ya uchachu ikampanda puani.

Hakujibu. Hilo halikumshangaza mtu, maana msichana mwenye adabu hajibu mara ya kwanza.

"Wamuyu, tunywe?"

Akainua macho akamtazama Nderitu. Nderitu akatikisa kichwa. Kidogo sana, mtu mwingine asingeona. Lakini Wamuyu aliona, na kitu ndani yake kikakatika. Huyu mtu kweli anataka nimbebee aibu yake. Ameketi pale na suti yake safi, na mimi nionekane mjinga mkaidi aliyemkataa msomi wa kijiji.

"Nauliza mara ya mwisho," Hiram akasema, na sasa hata yeye alikuwa na wasiwasi. "Tunywe, ama tusinywe?"

"Baba, kabla sijajibu, nina swali kwa Nderitu."

"Aka!" Tata Wangare akaruka. "Wamuyu!"

"Hiyo si desturi," Mzee Jonah akasema.

"Najua, Mzee. Naomba msamaha." Akageuka, kata mikononi, uji ukitikisika. "Nderitu, uliniambia nini nyuma ya banda la pareto?"

"Nyuma ya banda!" Tata Wangare akashika kichwa, lakini hakuna aliyemjali. Watu wote walikuwa wanamtazama Nderitu.

Nderitu akamtazama mama yake, kisha akatazama dirisha, kisha ile kata ya uji. Mtu anayetaka kuwafundisha mawakili kusema, na hapa hana hata neno! Sema, Wamuyu alimlilia moyoni. Sema hata kama ni kuniacha, nami nitakuheshimu. Lakini Nderitu alinyamaza, na kimya kile kilipozidi, mikono ya Wamuyu ilianza kuishusha kata taratibu kuelekea mezani. Ikigusa meza, basi. Alijua hivyo, na kila mtu mle ndani alijua.

"Nilimwambia asinywe."

Nderitu alikuwa amesimama. Uso wake ulikuwa umeparara.

"Umesema nini?" Mama Wachuka akauliza polepole.

"Nilimwambia akatae, Mama. Na sikuwa na moyo wa kukuambia wewe. Sitaki aje kukaa Njoro akiningoja. Sitaki maisha yake yaishie shambani kwako kama ya..." Alinyoosha mkono bila kufikiri. "Kama ya Njoki."

"Uuu, Ngai!" Wachuka akajifunika uso kwa kitambaa cha kichwa. "Mtoto wangu ananianika mbele ya watu!"

"Kaa chini, kijana," Jonah akafoka. Hiram naye akainuka, na kwa dakika hiyo kila mtu alisema lake kwa wakati mmoja. Wamuyu peke yake ndiye aliyemwona Njoki akiweka kitambaa chini na kusimama.

"Mimi ndiye nimekuwa mfano?" Njoki akauliza.

Wote wakamgeukia. Hakuna aliyewahi kumsikia Njoki akisema mbele ya wazee. Pengine walikuwa wamesahau ana sauti.

"Nderitu, nilipoolewa kwenu ulikuwa unavaa kaptula iliyotoboka. Mimi ndiye niliyeishona. Kwa hiyo usininyooshee kidole." Hakuwa anapiga kelele. "Nani alikuambia najuta? Nilimpenda Waithaka. Nilikunywa ule uji nikiwa na akili zangu, na mkiniuliza leo, nitaunywa tena. Viazi havijaniua, maji hayajaniua. Kinachonila mimi ni kimoja. Alijua harudi, na hakuniambia. Angeniambia tu, 'Njoki, moyo wangu umetoka huko.' Ningelia mpaka nikachoka, ningefunga nguo zangu, ningerudi kwa mama yangu ningali msichana. Alininyima hata hilo."

Alipangusa pua kwa mgongo wa mkono. Mzee Jonah alikuwa ametoa kofia bila kujua.

"Kwa hiyo usimkataze huyu kunywa," Njoki akamalizia. "Hiyo si kazi yako. Mwambie utafanya nini siku moyo wako ukigeuka. Akishajua, aamue mwenyewe."

Nderitu akavua miwani. Bila miwani alionekana mdogo, kama kijana yule wa kabla ya Bombay, aliyekuwa akimsindikiza Wamuyu kutoka kanisani akibeba kitabu chake cha nyimbo na kuogopa kumgusa. Akatembea mpaka mbele yake. Walikuwa karibu sana hivi kwamba Wamuyu alisikia pumzi yake.

"Siwezi kuapa nitarudi nilivyo," akasema. "London siijui. Mimi mwenyewe wa miaka mitatu ijayo simjui. Natamani kukuapia, Wamuyu. Usiku silali kwa kutamani. Lakini siku nikijua sirudi, au moyo wangu umegeuka, utasikia kutoka kwangu mimi, wewe wa kwanza, hata kama ni aibu, hata kama nitachukiwa na kila mtu humu ndani. Na mpaka siku hiyo mimi ni wako, sina mwingine." Akageuka kwa mama yake. "Na akikubali, atabaki hapa kwa baba yake. Ataendelea kufundisha."

"Hilo nalikubali," Hiram akasema mara moja.

"Na shamba langu nitalima na nani?" Wachuka akalia nyuma ya kitambaa.

"Usinitazame mimi, Mama," Njoki akasema kwa upole. "Tukitoka hapa mimi naenda kwetu."

Wamuyu alibaki na kata yake mikononi. Wasichana wenzake waliahidiwa nyumba za mabati, waliahidiwa kupendwa mpaka kaburini. Yeye ameahidiwa kwamba siku akiachwa ataambiwa. Ahadi gani hii ya kumpa mtu siku yake ya uji? Iliuma. Iliuma, na aliiamini yote, kwa sababu mtu huyu alishindwa hata kumdanganya baba yake juu ya digrii moja. Je, ataweza? Ataweza kuamka kila asubuhi, kuandika ubaoni, kusahihisha hesabu za watoto, na kila barua kutoka ng'ambo ifike mkononi akijua huenda ndiyo hiyo? Alimtazama Nderitu machoni. Yalikuwa yamejaa maji, na safari hii hayakumwambia anywe wala asinywe. Yalikuwa yanaogopa tu, kama yake.

Akamgeukia baba yake, akitumaini angalau atamuuliza tena.

"Nimeshauliza mara tatu," Hiram akasema. "Sina ruhusa ya mara ya nne, mwanangu."

Nje, dereva wa lori akapiga honi.

Wamuyu akainua kata akanywa. Hakuonja kama wasichana wanavyoonja. Alikunywa kweli kweli, baridi ikamkata meno, uchachu ukamkunja uso, mpaka uji ukafika nusu. Tata Wangare, yule yule, ndiye aliyeanza kupiga vigelegele, na akavipiga huku analia. Wamuyu akampa baba yake kata kwa mikono miwili. Hiram akanywa, akataka kumpa Jonah.

"Nipe mimi kwanza, Mzee," Nderitu akasema.

Halikuwa jambo la desturi. Hiram akamtazama kwa muda, kisha akampa. Nderitu akaigeuza kata mpaka upande ule uliokuwa na alama ya midomo ya Wamuyu, akaweka yake papo hapo, akanywa bila kumwondolea macho. Wazee wakatazama ukuta. Wamuyu alihisi uso mzima unawaka moto kwenye ile baridi ya Mau Narok, na akatamani lori liharibike, treni ichelewe, bahari yote ikauke.

Honi ikalia tena, ndefu zaidi.

"Nimekunywa," Wamuyu akamwambia, polepole, ili sauti isimvunjike. "Sasa nenda. Nenda sasa hivi, Nderitu, kabla sijalia mbele ya baba."